Homa yangu na vidonge vya mama: je, dawa ya malaria inatibu korona?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Mama yangu ana lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na huu ni mwaka wa saba anameza haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya klorokwini ya malaria, kila siku. Mwaka 2021 korona ilipoingia nyumbani kwetu, baba alilazwa siku kumi na moja akiwa kwenye oksijeni, mimi na mdogo wangu tulilala kitandani wiki nzima, lakini mama alipata mafua tu. Tangu hapo kaka yangu ana hakika kwamba ile dawa ndiyo iliyomwokoa. Anasema klorokwini ilijulikana tangu mwanzo kuwa inatibu korona, ila ilizimwa kwa sababu ni ya bei nafuu na haina faida kwa makampuni makubwa. Sasa nina homa na kikohozi tangu juzi. Kwenye duka la dawa nimepewa azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, na kaka ananihimiza nimeze na vidonge vya mama kwa siku tano. Nina shinikizo la damu, natumia amlodipini na dawa ya kukojoza. Je, nimeze? Na kama dawa inaua malaria, kwa nini ishindwe na korona?"

Marahaba, na pole sana kwa homa. Kwa kuwa unaumwa leo, nakujibu kwanza lile lisilosubiri: usimeze vidonge vya mama, hata kimoja.

Sababu za kukukataza ninazo hata kabla hatujaigusa korona. Kubwa kuliko zote ni moyo. Baada ya kila pigo, moyo hujichaji upya kwa umeme wake wenyewe ndipo upige tena. Haidroksiklorokwini hurefusha muda huo wa kujichaji, na azithromaisini uliyopewa hufanya vilevile. Dawa yako ya kukojoza nayo inaweza kushusha potasiamu, madini ambayo umeme huo unayategemea. Mambo hayo matatu yakikutana kwa mtu mmoja, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, mtu akaanguka, na wapo ambao hawainuki. Mama anaimeza salama kwa sababu daktari wake alipima uzito wake, anazijua dawa zake nyingine na anamfuatilia. Wewe ungeimeza kwa kukisia.

Halafu katika maelezo yako yote sijaona kwamba umepimwa malaria. Kwetu homa ya siku mbili haijadiliwi kabla ya kipimo. Nenda kituo cha afya leo hii, usingoje kesho. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika kama 20. Ukikutwa nayo utapewa dawa mseto, uimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo na umalize dozi hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Usikutwe na korona ukadhani malaria imeondoka kwenye hesabu, wala kinyume chake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani.

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, na haidroksiklorokwini, ndugu yake mpole kidogo, ikafuata mwaka 1946. Wewe ulikuwa mtoto wakati klorokwini ikiwa dawa ya kila nyumba. Bila shaka unakumbuka uchungu wake, na kule kuwashwa mwili mzima usiku kucha hadi mtoto analia akiomba akunwe mgongo. Ilitutumikia kwa miaka mingi, kisha vimelea vya malaria vikajifunza kuitema. Malawi iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1993, Kenya ikafuata mwaka 1998, na sisi Tanzania mwaka 2001. Kwa hiyo hata ile hoja iliyosambaa kwamba Waafrika hatukuumizwa sana na korona kwa kuwa tunameza klorokwini haisimami. Korona ilipofika mwaka 2020, malaria ya kwetu ilikuwa inatibiwa kwa mseto kwa zaidi ya muongo mmoja.

Inauaje malaria? Kimelea kikishaingia ndani ya chembechembe nyekundu ya damu, kinakula himoglobini. Katika kula huko hubaki masalia yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kwa kawaida kimelea huyagandisha masalia hayo yakawa kama changarawe zisizo na madhara. Klorokwini hujikusanya ndani ya kifuko chake cha kusagia chakula na kuuzuia ugandishaji huo. Kimelea kinakufa kwa sumu ya mlo wake.

Virusi vya korona havina tumbo. Havili himoglobini wala chochote. Njia inayoua malaria haivigusi hata kidogo, na hakuna mwanasayansi makini aliyewahi kudai hivyo. Wazo la mwaka 2020 lilitoka kwingine, na nataka ulielewe vizuri, kwa sababu hapo ndipo kaka yako ana ukweli kiasi: lilikuwa wazo la maana, halikuwa uganga wa mtaani.

Fikiria seli ya mwili kama nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa uani. Kirusi kinaweza kuingia kwa uani, yaani seli inakimeza ndani ya kifuko kidogo, kifuko kinakuwa na tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayowezesha vimeng'enya vya humo kukata miiba ya kirusi ili kifungue njia. Klorokwini hupunguza ukali wa tindikali hiyo. Ni sawa na kutia komeo mlango wa uani. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba inazuia virusi vya SARS, ndugu wa hivi vya korona, visiingie kwenye seli zilizooteshwa maabara. Februari 2020 wengine wakaonyesha hivyohivyo kwa virusi vipya. Dawa ipo, madaktari wanaijua, bei yake ni ndogo. Nani asingeijaribu?

Ila zile seli za maabara zilikuwa za figo ya tumbili. Ni aina ya seli inayotumika duniani kote tangu miaka ya 1960 kwa sababu virusi huota ndani yake kwa urahisi. Seli hizo hazina mlango wa mbele unaofanya kazi kwa virusi hivi. Seli za mapafu ya binadamu zinao: juu ya ngozi yake kuna kimeng'enya kinachokata miiba ya kirusi papo hapo nje, na kirusi kikaingia bila kuhitaji kifuko wala tindikali. Julai 2020 watafiti wa Ujerumani walipoijaribu klorokwini kwenye seli za mapafu ya binadamu, virusi viliingia kama kawaida. Mwezi huohuo wenzao wa Ufaransa walichapisha majaribio kwa nyani wadogo walioambukizwa, wakiwapa haidroksiklorokwini kabla na baada ya maambukizi, peke yake na pamoja na azithromaisini. Haikupunguza virusi. Uani ulikuwa na komeo, na mgeni alipita sebuleni.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa dawa hii kutudanganya hivyo. Chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa huku kwetu kusini mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kupewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu, nao ulizuiwa na klorokwini maabara. Ulipolipuka kisiwani Réunion mwaka 2006, wagonjwa walipewa dawa hiyo na haikuwasaidia. Miezi kadhaa baadaye waliotumia klorokwini ndio waliolalamika zaidi maumivu ya viungo. Singapore nayo iliijaribu kama kinga ya mafua makali kwa watu wapatao 1500, na waliougua walikuwa karibu sawa kwa waliopewa na wasiopewa. Mimi nikisoma kwamba dawa fulani imeua virusi kwenye chupa, nafurahi kidogo, kisha nasubiri.

Mwaka 2020 dunia haikusubiri. Machi 20 timu ya Profesa Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 36, wakisema waliopewa haidroksiklorokwini waliondokewa na virusi puani upesi, hasa wale walioongezewa azithromaisini. Walioongezewa azithromaisini walikuwa sita tu. Ndipo ulipozaliwa mchanganyiko huo ulioufikia mpaka mlango wako. Soma kwa makini kilichotokea humo: walioanzishiwa dawa walikuwa 26, lakini sita wakaondolewa kwenye hesabu. Watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliacha kwa sababu ya kichefuchefu na mwingine aliondoka hospitalini. Ukiwatoa kwenye hesabu waliozidiwa, dawa yoyote itaonekana nzuri. Jarida lililochapisha kazi hiyo liliifuta Desemba 2024.

Lakini kabla ya kufutwa ilikuwa imekwishafika mbali. Rais Donald Trump aliisifu hadharani, na Machi 28, 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu itumike hospitalini kwa dharura, ruhusa iliyoondolewa Juni 15. Mwezi huohuo wa Machi mtu mmoja Arizona alifariki baada ya kumeza klorokwini ya kusafishia matangi ya samaki, na Lagos hospitali zikapokea watu waliojidhuru kwa kuimeza kupita kiasi. Na kuna waliolipia gharama bila kumeza chochote cha ziada: wagonjwa wa lupasi kama mama yako, ambao katika nchi nyingi walifika kwenye famasi wakaambiwa dawa imekwisha.

Jibu la kweli lilipatikana kwa njia ngumu na ya polepole. Chuo Kikuu cha Oxford kiliendesha jaribio lililoitwa RECOVERY katika hospitali za Uingereza. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, hivyo haikuwezekana daktari kumchagulia dawa mgonjwa anayeonekana atapona. Waliopewa haidroksiklorokwini walikuwa 1561, na 3155 walipata huduma ya kawaida. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 ya waliopewa dawa na asilimia 25 ya wasiopewa. Haikuokoa. Waliopewa walikaa hospitalini muda mrefu zaidi. Jaribio la Shirika la Afya Duniani, lililofanyika katika nchi nyingi, lilikuta vifo 104 kati ya watu 947 waliopewa na 84 kati ya 906 wasiopewa. Azithromaisini nayo ilipimwa peke yake na RECOVERY: asilimia 22 ya vifo kila upande.

Kuna jambo nisilotaka kulificha, kwa sababu kaka yako huenda analijua. Mei 22, 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliosema haidroksiklorokwini inaua, ukitumia takwimu za kampuni moja ya Marekani ambazo wataalamu wa nje walinyimwa nafasi ya kuzikagua. Shirika la Afya Duniani likasimamisha sehemu hiyo ya jaribio lake. Juni 4 utafiti ukafutwa. Ilikuwa aibu kubwa kwa taaluma yetu, na watu wengi walihitimisha, si bila sababu, kwamba dawa inaonewa. Ila ukiutupa utafiti huo wote jalalani, RECOVERY inabaki pale pale. Matokeo yake hayakutoka kwenye takwimu zile.

Na hoja ya bei nafuu? Hii naomba umfikishie kaka kama nilivyoiandika. Jaribio hilihili la RECOVERY, likiendeshwa na watu hawahawa, lilitangaza Juni 5, 2020 kwamba haidroksiklorokwini haisaidii, na siku kumi na moja baadaye likatangaza kwamba deksamethasoni inaokoa maisha. Deksamethasoni ni dawa ya tangu miaka ya 1950, inatengenezwa na kila mtu, na ni rahisi kiasi kwamba iko hata kwenye stoo ya kituo kidogo cha afya. Ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Dunia nzima iliichukua ndani ya siku chache. Kama dawa za bei nafuu zingekuwa zinazimwa, hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kuzimwa. Inawezekana kabisa baba yako alipewa hiyohiyo alipolazwa.

Nakuomba pia usiifanye deksamethasoni kuwa klorokwini mpya. Huisaidia hali ambapo mwili wenyewe unayachoma mapafu kwa kinga iliyopitiliza. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuwa na faida, na vifo vyao havikupungua: asilimia 17.8 kwa waliopewa, 14 kwa wasiopewa. Usinunue dukani ukameza nyumbani.

Vipi kuhusu kinga, yaani kuimeza kabla hujaugua? Hapa picha si nyeusi na nyeupe kabisa. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwapa watu 821 waliokuwa karibu na mgonjwa ama dawa hii ama kidonge kisicho na dawa. Waliougua walikuwa asilimia 11.8 ya waliopewa dawa na 14.3 ya wasiopewa, tofauti ndogo ambayo bahati peke yake inaweza kuileta. Jaribio kubwa zaidi, lenye wahudumu wa afya na watu wengine zaidi ya 4600, lilichapishwa mwaka 2024 na likaona kupungua kwa takriban asilimia 15 ya ugonjwa wenye dalili, matokeo yaliyosimama ukingoni kabisa mwa kile ambacho bahati ingeweza kuzaa. Kwa hiyo nikiambiwa kuna faida ndogo sana ya kinga, sitabisha kwa nguvu. Ila faida ya kiasi hicho, kwa dawa inayoweza kuvuruga moyo, haitoshi kumfanya mtu kama wewe aimeze, na Shirika la Afya Duniani tangu Machi 2021 linashauri isitumike kwa kinga.

Basi mama alinusurikaje? Ukweli ni kwamba kwa mtu mmoja hatuwezi kusema. Ndani ya nyumba moja korona ilimlaza mmoja na kumwacha mwingine na mafua, hata kwenye familia ambazo hakuna aliyewahi kuona kidonge cha klorokwini. Umri, uzito, kisukari, kiasi cha virusi alichovuta mtu, jinsia pia. Wanaume walizidiwa zaidi. Madaktari wa lupasi walifuatilia wagonjwa wao waliokuwa tayari wanatumia dawa hii miaka na miaka, na walikuta wanaambukizwa na kulazwa kama wengine. Kwa macho yenu mliona mama amepona na kidonge kiko mezani. Mngekuwa nyumba jirani, pengine mngemwona mama mwingine wa lupasi anapelekwa hospitali na kidonge kilekile kiko mezani.

Swali la artemisia, mmea unaotoa sehemu ya dawa mseto ya malaria, huwa linafuata hapa, nalijibu kwa kifupi. Kinywaji cha artemisia kiitwacho Covid-Organics kilichozinduliwa Madagascar Aprili 2020, ambacho Tanzania ilituma ndege kukichukua mwezi uliofuata, hakijathibitishwa kwa majaribio ya namna niliyoeleza. Chai ya artemisia haishauriwi hata kwa malaria yenyewe, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakipimiki na kinaweza kuvifundisha vimelea kuishinda mseto, kama vilivyoishinda klorokwini.

Sasa ya kufanya. Baada ya kipimo cha malaria, omba na cha korona kama kipo. Mwonyeshe mhudumu dawa zako zote, na umuulize kama kikohozi chako kweli kina dalili za bakteria; kama hakina, hata azithromaisini huihitaji. Kunywa maji ya kutosha, tumia paracetamol kwa homa, endelea na amlodipini. Kwa watu wenye shinikizo kama wewe zipo dawa za kumeza zilizotengenezwa kwa ajili ya korona, pale zinapopatikana. Ile iitwayo nirmatrelvir pamoja na ritonavir huanzwa ndani ya siku tano za dalili, na hupandisha kiwango cha amlodipini kwenye damu, kwa hiyo ni daktari anayepaswa kuipanga. Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona unahema ukiwa umekaa, kifua kinabana, midomo inabadilika rangi, unachanganyikiwa, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma chini ya 94. Ukipona, uliza kuhusu chanjo.

Kaa mbali na mama siku hizi, au vaa barakoa mkiwa chumba kimoja na mfungue madirisha. Lupasi yenyewe, na baadhi ya dawa zake, hudhoofisha kinga. Asiache haidroksiklorokwini yake, maana kwake ndiyo dawa sahihi. Akiikosa, lupasi inaweza kuamka na kushambulia figo. Kama kuna wajukuu nyumbani, vidonge hivyo viwekwe juu kabisa na kufungiwa, kwa sababu kidonge kimoja au viwili vinaweza kumuua mtoto mdogo kabla hamjafika hospitali.

Na kwa kuwa umesema ni mwaka wa saba: muulize mama mara ya mwisho alipimwa macho lini. Dawa hii ikitumika muda mrefu inaweza kuharibu retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, polepole na bila maumivu, na kilichoharibika hakirudi. Kipimo hufanyika mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Kama hajapimwa, mpeleke kwa daktari wa macho mwezi huu, mkiwa na boksi la dawa na uzito wake wa sasa, ili wahakikishe dozi ya siku haizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake.